Kishikwambi na Kadi Sabini na Nane

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo nimeona maajabu.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Nicodemus, alituita ofisini saa nne, walimu wote tisa. Mradi wa TEHAMA umefika Kibondo, akasema, na shule yetu imo. Nikatafuta ukuta wa kuegemea nisinzie vizuri. Ndipo akasimama Madam Veronica wa Darasa la Tano. Yeye alipelekwa mafunzo ya siku moja wilayani na tangu arudi anatembea kama mtu mwenye viatu vipya. Akatugawia kadi za karatasi. Kila kadi ina mchoro mweusi, mraba uliotafunwatafunwa, na kwenye pande zake nne zimeandikwa A, B, C, D. Unaulizwa swali, unageuza kadi, herufi ya jibu lako inakaa juu. Basi. Akainua simu yake iliyopasuka kioo, akaipitisha mbele yetu taratibu, na kabla sijapiga miayo majina yetu yote yalikuwa yameshatokea. Kijani waliopata. Nyekundu waliokosa.

Simu moja! Mwanafunzi hahitaji simu, hahitaji bando, hahitaji hata umeme. Karatasi tu. Nimefundisha miaka tisa na sijawahi kuona kitu kama hiki. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

Mimi nilikuwa mwekundu mara zote tatu, lakini swali lilikuwa la hisabati.

Halafu Mwalimu Mkuu akasoma barua. Wadhibiti ubora watakuja Jumatano ya wiki ijayo kutazama mwalimu gani anaitumia programu hii vizuri. Atakayewapendeza atapelekwa Kasulu mwaka mzima kuwa mwezeshaji, kwenye chuo cha ualimu. Kasulu! Mke wangu Asmahani anafundisha Kasulu. Binti yetu Kudra yuko Kasulu. Mimi nimebandikwa huku Kibondo mwaka wa nne sasa, na uhamisho wa kumfuata mwenza nimeuomba mara tano. Majibu yote matano yalinitaka niwe na subira.

Barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Sikuusubiri. Nilitoka mbio kwenda kuchaji kishikwambi.

Jumanne, 8 Oktoba

Kishikwambi hiki nilipewa na serikali kama walimu wenzangu. Mpaka jana kilikuwa cha mpira na taarabu. Nimekiomba radhi.

Mtandao wa hapa shuleni unapatikana ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya jiko la uji. Nimesimama dakika hamsini huku mama wa jikoni ananiuliza kama naota jua. Programu ikashuka. Sasa majina. Nilidhani nitayaandika moja moja mpaka mboni zinitoke, kumbe unasema tu, chenyewe kinaandika! Nikasema Habonimana, kikaandika Habonimana. Nikasema Havyarimana, kikaandika. Niyubahwe, hakikubabaika. Mimi mtu wa Pangani majina haya yalinichukua mwaka mzima kuyatamka bila watoto kucheka.

Saa tano nikaazima kadi za Madam Veronica, nikaingia Darasa la Sita, watoto sabini na nane. Sayansi. Nikauliza swali la mvuke, jambo tulilolisoma wiki tatu mfululizo. Kadi juu! Nikapitisha kishikwambi kuanzia dirishani mpaka mlangoni. Sekunde nne.

Waliopata kumi na tisa.

Nikakaa chini. Miaka minne nauliza mmeelewa, miaka minne wanaitikia ndiyooo mpaka bati linatikisika. Leo kifaa kimeniambia kwa sekunde nne kwamba hapana, na kimenitajia kila asiyeelewa kwa jina. Niliogopa. Nilikitazama kama mtu anayemtazama mganga aliyemtajia jina la bibi yake. Hakuna mkaguzi, hakuna mtihani wa mkoa, uliowahi kunionyesha darasa langu lilivyo hasa.

Mwalimu mwingine angerudia somo. Lakini kumi na tisa kwa sabini na nane hainipeleki Kasulu. Lazima nifikirie.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefikiria.

Kadi za mradi zinarudishwa wilayani kesho, kila mwalimu achapishe zake. Nikamwambia Madam Veronica asihangaike, nakwenda mjini, nitamchapishia na yeye. Akashukuru sana. Akasema hakujua kwamba nina roho nzuri hivi. Wala mimi sikujua.

Saady wa stesheneri, hapo karibu na stendi ya Kibondo, ni mtu wa pwani mwenzangu, kwa hiyo nilimweleza waziwazi. Zangu kubwa, moja kwa kila karatasi. Za Madam, nne kwenye karatasi moja. Ndogo kama sanduku la kiberiti. Saady akauliza hizo ndogo ni za kufundishia sisimizi? Nikamwambia achape tu. Simu yenye kioo kilichopasuka, kadi za sisimizi, mtoto amekaa dawati la mwisho. Haiwezekani isome. Siku ya ukaguzi Madam atabaki ameinua mkono kama anasimamisha basi lililojaa.

Nimerudi kwa bodaboda nikiimba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimewafundisha Darasa la Sita ishara. Nikishika tai, jibu ni A. Nikijikuna sikio, B. Nikipiga makofi, C. Nikikohoa, D. Makofi ndiyo fahari yangu. Mwalimu yeyote anapiga makofi akiwachangamsha watoto. Mkaguzi gani atashuku?

Wameshika yote kwa dakika kumi na tano. Mvuke, wiki tatu! Nilivutiwa sana na vichwa vyao. Kiranja, Habonimana, hakukosea hata mara moja. Makofi, kadi sabini na nane zinageuka C kwa pamoja. Mwili ulinisisimka.

Tatizo ni mmoja. Akimana, msichana wa dawati la tatu dirishani. Aliuliza kama mtu jibu analijua, bado atazame tai? Nikasema ndiyo. Akauliza je, Mwalimu akisahau? Nikasema Mwalimu hasahau. Akauliza sasa kadi zinamsaidia nini Mwalimu, kama jibu analitoa yeye mwenyewe? Nikamwambia akae.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimempa Madam Veronica kadi zake. Nikasema pole, mashine ya mjini ilikuwa na hitilafu. Akazigeuzageuza mkononi. Akasema ahsante, hizi zitaingia mfukoni.

Sipendi mtu anayeshukuru namna hiyo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kichuguuni tena, saa tatu asubuhi, simu ya video na Asmahani. Picha ilikuwa safi, mpaka niliona kanga yake ina doa la uji. Ninaishi mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka kwake, nne mvua ikinyesha, na bado naona doa la uji. Watu waliotengeneza vitu hivi wana akili za kutisha.

Akanionyesha Kudra. Ana miaka miwili na nusu. Mama yake amemwekea programu ya hadithi. Akigusa picha ya ng'ombe, inasema ng'ombe na kuandika ng'ombe. Akagusa, na kabla kifaa hakijasema, yeye akasema! Nilipiga kelele mama wa jikoni akatoka na mwiko. Mtoto wangu!

Halafu jirani akaingia, Kudra akaichukua simu akamwonyesha uso wangu. Akamwambia huyu ni anko wa kwenye simu.

Asmahani akamrekebisha haraka. Nilicheka. Baada ya simu sikucheka. Nilikaa juu ya kichuguu mpaka jua likawa kali.

Kabla ya kukata, Asmahani alisema ana jambo la kuniambia, ila bado. Nikasema na mimi ninalo, ila bado. Tukatazamana kama wezi wawili. Bila shaka anataka tununue kochi. Langu ni Kasulu! Siku nitakayomwambia nataka nimwone uso.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere. Nimeshinda nyumbani na suti, nafanya mazoezi ya kushika tai bila kuonekana nashika tai. Mwenye nyumba, Mama Niyubahwe, akachungulia dirishani akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana. Akasema basi nilegeze hicho kitu, shingo inavimba.

Jumatano, 16 Oktoba

Naandika yote. Hata yale mabaya. Mabaya hasa.

Wamefika saa tatu. Watu wawili wa mradi na mdhibiti ubora, Mama Elieth, mwanamke mpole mwenye miwani na daftari dogo. Nawaogopa wakaguzi wapole.

Madam Veronica alianza, saa nne, Darasa la Tano. Nilikaa nyuma nimekunja mikono, nasubiri furaha. Akauliza swali la hisabati, la sehemu. Watoto wakainua vikadi vyao vya sisimizi. Mimi niliyekaa jirani na dawati la mwisho sikuweza kuona hata mchoro. Akainua simu ile mbovu, akaipitisha.

Ikasoma vyote. Vyote! Hata kimoja kilichoshikwa na mtoto anayejikuna mgongo kwa mkono wa pili. Nilisimama bila kujua. Nimeishi kwenye dunia hii nikidhani najua simu inaweza nini.

Lakini matokeo! Projekta waliyokuja nayo watu wa mradi ikayatupa ukutani: waliopata thelathini na mmoja kwa sabini na nne. Nyekundu tupu. Nikakaa tena, furaha ikarudi. Ningekuwa yeye ningezima mashine na kusingizia umeme. Yeye akaacha ukuta uonekane. Akawaambia watoto wengi wetu tumekosa, sasa kila mmoja amgeukie jirani yake amweleze kwa nini alichagua alichochagua. Darasa likawa gulio. Watoto wanabishana, wanakata vijiti vipande, mmoja amevua kiatu anakigawa kwa tatu kwa kidole. Madam hakusema jibu. Hata nusu yake. Dakika tano. Kadi juu tena. Akapitisha simu.

Sitini na sita.

Mama Elieth akavua miwani. Mimi nywele zilinisimama, nakiri hapa ambapo hakuna atakayesoma. Watoto walijirekebisha wenyewe na ukuta ulituonyesha wakijirekebisha, kutoka nyekundu kwenda kijani, jina kwa jina. Nilitamani kupiga makofi. Laiti ningejua.

Wale wa mradi wakamsifu pia kwa kubana matumizi ya karatasi. Kadi nne kwa karatasi moja! Wakaandika. Walisema watazipendekeza kwa shule nyingine.

Zamu yangu ikaja saa saba mchana. Suti, tai. Swali la kwanza, sikio, B. Sabini na nane kwa sabini na nane. Ukuta wote kijani kama shamba la maharage baada ya mvua. Swali la pili, kikohozi. Wote. La tatu, tai. Wote! Wale wa mradi wakanong'onezana. Mwalimu Nicodemus akawa anatabasamu peke yake. Niliona stendi ya Kasulu, nikaona mlango wa nyumba ya Asmahani, nikajiona nabisha hodi na begi langu.

Swali la nne lilikuwa jepesi kuliko yote, nimelichagua makusudi kwa ajili ya kufungia. Sehemu ipi ya mmea hufyonza maji ardhini? A mizizi, B shina, C maua, D matunda. Nikashika tai. Kadi juu, A safi. Nikainua kishikwambi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Ndayikunda, mwenyekiti wa kamati ya shule, kachelewa kwa sababu alikuwa shambani. Mzee wa Kiha wa zamani, hapiti mbele ya watu bila kuwaamkia. Akainama, akasema mwidiwe, na akapiga makofi taratibu, kama wazee wa huku wanavyoamkia.

Na ukiamkiwa hivyo unaitikia hivyo hivyo. Nimejifunza miaka minne. Watu wananisifia, wanasema Mwalimu Athuman ni mswahili mwenye adabu za kwetu. Sikufikiri. Nikabana kishikwambi kwapani, nikainama mbele ya darasa zima, nikaitikia kwa makofi.

Niliposikia kadi zikigeuka nilikuwa bado nimeinama. Zilitoa sauti kama kundi la njiwa linaruka.

Nilipoinuka mkono ulikuwa umeshazoea. Ulikipitisha kishikwambi wenyewe. Na projekta, Mungu wangu, projekta haina huruma. Nyekundu sabini na saba. Maua! Watoto sabini na saba wa wakulima, wanaolima maharage kila Jumamosi, wametangaza ukutani mbele ya serikali kwamba mimea inakunywa maji kwa maua.

Kijani kimoja. Akimana.

Mzee Ndayikunda akasogea ukutani, akasoma kwa kidole. Akageuka. Aliniuliza, kwa heshima zote, kama huko kwetu pwani maua ndiyo yanayokunywa.

Mama Elieth hakupandisha sauti. Akamwuliza kiranja kwa nini alichagua C. Habonimana akasimama wima, mtoto mkweli, na akasema ni kwa sababu Mwalimu alipiga makofi. Mama Elieth akauliza na lile swali la kwanza? Habonimana akasema sikio. Akaendelea kueleza zote, vizuri, kwa mpangilio, bila kukosea. Nilimfundisha vizuri mno.

Kisha Mama Elieth akamwuliza Akimana. Akimana akasema nyumbani alihamisha mche wa nyanya, jembe likakata mizizi. Alikuwa ameupenda kwa sababu ulishatoa maua. Akayamwagilia maua na majani siku nne, asubuhi na jioni. Mche ukakauka. Basi, akasema, kama maua yangekuwa yanakunywa, ungepona.

Chumba kizima kilimtazama. Mzee Ndayikunda alitikisa kichwa polepole kukubali. Kwa muda mfupi hata mimi nilisahau Kasulu. Miaka tisa, na sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri hivyo.

Kisha nikaikumbuka Kasulu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeitwa ofisini. Mwalimu Nicodemus alisema mambo mengi, mengine kwa Kiha ili yasiniumize. Nimeelewa yote.

Darasa la Kwanza wakiniona uwanjani wananipigia makofi na kuinama. Vitoto vya miaka sita! Madam Veronica amewakataza. Aliniletea chai yenye tangawizi, akasema makosa ni ya kawaida, na kama nataka, tunaweza kuandaa somo la mvuke pamoja. Nikamwambia nitafikiria. Anataka nini huyu?

Nimechunguza kosa langu kwa makini. Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa mlango. Ningeufunga kwa komeo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Barua imekuja. Madam Veronica anakwenda Kasulu.

Nilimpa mkono. Nikasema hongera, na nadhani nilimaanisha kidogo, maana bado naona ule ukuta ukigeuka kijani. Nikaenda nyuma ya jiko la uji nikakaa. Nilimuwaza Kudra akinionyesha tena kwa jirani, mwaka mwingine mzima. Niliumia, na kulikuwa na moshi pia, kwa hiyo mama wa jikoni hakuuliza.

Mwalimu Nicodemus akanifuata huko huko na ile barua ya mwanzo. Akauliza kama nilipata kusoma ukurasa wa pili. Nikasema bado. Akasema mradi hauruhusu mwezeshaji kufanya kazi wilaya yake, asije akawaonea haya wenzake. Wa Kibondo anakwenda Kasulu. Wa Kasulu anakuja Kibondo, mwaka mzima, na atakaa kwenye kata yetu. Akauliza kama mwenye nyumba wangu ana chumba cha ziada. Nikasema sijui na sitaki kujua. Mgeni wa nini? Nilikuwa na uchungu wangu.

Nilimpigia Asmahani nimweleze aibu yangu yote. Alisikiliza. Halafu akacheka mpaka simu ikakatika, na aliporudi hewani akaniambia nimwulize mwenye nyumba hicho chumba.

Jumamosi, 26 Oktoba

Asmahani aliniambia tu nimsubiri stendi, na wameshuka! Saa sita mchana, basi la Kasulu, stendi ya Kibondo. Asmahani, Kudra, godoro, jiko la gesi, ndoo tatu, na begi la mradi lenye kishikwambi kipya kuliko changu. Ndiye mwezeshaji. Mke wangu! Aliomba kimya kimya mwezi Septemba, akashindanishwa na walimu kumi na wanane, akawashinda. Alitaka kunishtua. Nimeshtuka. Nilisimama stendi mdomo wazi mpaka kondakta akaniomba nishike ndoo.

Usiku wa jana sikulala, na usiku wa leo sidhani kama nitalala. Nimepiga hesabu njia nzima kutoka stendi. Kama mimi ningeshinda, leo ningekuwa kwenye basi la kwenda Kasulu na yeye kwenye basi la kuja Kibondo. Tungepishana njiani, pale Makere, kila mmoja dirishani kwake, na mtoto kati yetu hajui ashukie wapi. Sisi wawili, kila mtu akimficha mwenzake, tulikaribia kubadilishana miji! Nilipata baridi kwenye jua la saa sita.

Mbele ya Mama Niyubahwe, Asmahani akaniita Baba Kudra. Mama Niyubahwe akamwamkia kwa makofi. Nilificha mikono mfukoni.

Jumapili, 27 Oktoba

Chai ya pamoja. Maandazi. Kudra amenikalia pajani akikipaka uji kishikwambi changu. Sijawahi kuwa na asubuhi kama hii tangu nipangiwe Kibondo. Niandike nini zaidi? Nina furaha.

Halafu Asmahani akafungua kifaa chake. Kumbe mwezeshaji anaona kila kitu! Madarasa yote ya wilaya, kila swali, kila mtoto, tarehe na saa. Vyote vimehifadhiwa sijui wapi, hewani. Akanionyesha Jumatano ile. Nyekundu sabini na saba zimekaa palepale, hazijapauka hata kidogo. Uwezo wa kitu hiki! Niliinama karibu, nikasahau kuona aibu.

Akasema Baba Kudra, hebu nieleze.

Nikamweleza. Nikasema nilifeli makusudi. Nilihisi, nikasema, kwamba yeye ameomba kuja huku, nikaona nisimpite njiani. Mume anayempenda mkewe hufanya hivyo. Akaongeza sukari kwenye chai yangu bila kuniuliza. Akasema sawa, Alhamisi atakuja kukaa nyuma ya Darasa la Sita, na hatakuja kama mke.

Sina wasiwasi. Mpango wa kwanza umefanikiwa, maana nilitaka tuishi pamoja na tunaishi pamoja. Kilichobaki ni kuurekebisha. Kosa lilikuwa wingi wa watoto. Sabini na nane ni wengi mno, hawashikiki. Nimefungua darasa jipya kwenye programu, nimeliita Sita B. Hatuna Sita B, lakini Asmahani ni mgeni. Nimeingiza watoto kumi, Habonimana akiwa wa kwanza. Majibu nitawapa kesho, wayakariri. Kumi kwa kumi ni asilimia mia, na ukutani asilimia mia ni asilimia mia. Waliobaki watapalilia bustani ya shule mpaka mgeni aondoke.

Akimana pia atakuwa bustanini. Majibu anayajua, lakini hafuati maelekezo.